TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 17: AMELALA, LAKINI HAKUPUMZIKA

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na sahaba zake.

Alhamdulillah, leo tumefika siku ya 17, na kwa wengi wetu mwili umeshaanza kulalamika. Usiku tumeukatakata vipande: futari, isha, tarawehe, kurudi nyumbani, kulala kidogo, kuamka daku, alfajiri, halafu kazini. Ukimuuliza mtu siku hizi "Habari ya Ramadhani?", jibu la kwanza ni "Usingizi tu, sheikh!"

Lakini sisi uchovu wetu tunaujua mwisho wake. Ikifika Idi tutalala siku mbili tatu, mwili utarudi kama zamani. Leo nataka tuwakumbuke wenzetu ambao uchovu wao haukuanza na mwandamo wa mwezi wala hautaisha kwa takbira za Idi. Mtu analala masaa manane, hata kumi, anaamka kama aliyebeba magunia bandarini usiku kucha. Mwili wote unauma, kichwa kizito. Na akitoka nje anakutana na maneno yetu: "Huyu naye kazi yake kulala tu!"

*1. Usingizi ni riziki*

Tarehe kama ya leo, mwaka wa 2 Hijria, vilipiganwa vita vya Badr. Tukiielezea Badr tunataja panga, malaika, na Waislamu 300 na kidogo mbele ya jeshi la watu 1,000 hivi. Kuna msaada mmoja tunaupita haraka. Katika Surat al-Anfal, aya ya 11, Allah (s.w.) anawakumbusha waumini kwamba aliwafunika kwa usingizi, uwe ni utulivu unaotoka Kwake, na akawateremshia mvua.

Hebu fikiri. Kesho asubuhi kuna vita, adui ni mara tatu yako. Nani anapata usingizi usiku kama huo? Wao waliupata kwa sababu walipewa. Na Ali (r.a.) amesimulia kwamba usiku ule wote walikuwa wamelala isipokuwa Mtume (s.a.w.), aliyekuwa chini ya mti akisali na kulia mpaka kukapambazuka. Hatukusikia kwamba waliolala walilaumiwa.

Katika Surat an-Naba, aya ya 9, Allah anatuambia kuwa ameufanya usingizi wetu uwe mapumziko, na katika Surat ar-Rum, aya ya 23, ameuhesabu miongoni mwa ishara Zake. Kwa hiyo usingizi ni riziki, kama pesa, kama watoto, kama afya. Na riziki haigawiwi sawa. Yuko anayeweka kichwa kwenye mto akakoroma papo hapo, na yuko anayegaagaa mpaka adhana ya alfajiri. Yuko pia anayelala vizuri kwa macho ya watu, lakini yale mapumziko yaliyomo ndani ya usingizi hakupewa. Huo ni mtihani, na mtihani hauna uhusiano na uvivu.

*2. Ugonjwa wenyewe ni upi?*

Kuna magonjwa mawili ambayo madaktari huyataja pamoja, kwa kuwa yanafanana sana na mtu mmoja anaweza kuwa nayo yote.

La kwanza linaitwa *fibromialjia*. Ni maumivu yanayotanda mwili mzima, shingo, mabega, mgongo, mapaja, kwa muda wa miezi mitatu au zaidi. La pili ni *ugonjwa wa uchovu sugu*. Huyu nguvu zinamwishia kwa miezi sita au zaidi, mpaka kazi aliyokuwa akiifanya bila hata kuifikiria inamshinda. Mara nyingi huanza baada ya homa au maambukizi ya virusi. Hata baada ya korona wapo waliobaki na hali kama hii. Magonjwa yote mawili huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume.

Shida ya usingizi imo katikati kabisa. Mwaka 2015 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipoweka vigezo vya kuutambua ugonjwa wa uchovu sugu, kulala bila kuburudika ilikuwa ni miongoni mwa dalili ambazo lazima ziwepo. Na huko Toronto, Kanada, mwaka 1975, daktari Harvey Moldofsky na wenzake walipima mawimbi ya ubongo ya watu wenye maumivu haya wakiwa wamelala. Waliona kwamba ndani ya usingizi mzito, ule unaojenga mwili, yanaingia mawimbi ya mtu aliye macho. Ni kama nyumba ambayo wenyewe wamelala lakini taa na redio vinawaka usiku kucha. Wataalamu waliofuata wamekuta kwamba si kila mgonjwa ana hali hiyo. Lakini wale wa Toronto walifanya jambo jingine: waliwachukua watu wazima wa afya, wakawa wanawavuruga kwa sauti kila walipozama kwenye usingizi mzito. Baada ya siku chache tu, watu wale wazima wakaanza kuumwa misuli na kulalamika uchovu!

Basi ndivyo duara linavyozunguka. Maumivu yanakata usingizi, na usingizi uliokatika unaongeza maumivu ya kesho.

Na kuna jambo la tatu ambalo ndilo linalowachanganya majirani. Mwenye uchovu sugu akijilazimisha leo, anaweza kulipa kesho au keshokutwa. Dada anakuja tarawehe, anasimama rakaa zote, watu wanamwona mzima. Siku ya pili hawezi kushuka kitandani, hawezi kushika sufuria, akizungumza neno linampotea mdomoni. Majirani wanasema nini? "Mbona juzi alikuwa msikitini anatembea? Leo kajifanya mgonjwa." Kumbe ile juzi ndiyo iliyozaa leo.

Akienda hospitali anapimwa malaria, hamna. Taifodi, hamna. Damu iko sawa, eksirei safi. Hakuna kipimo cha damu kinachosema "hii hapa fibromialjia." Anarudi nyumbani na karatasi safi na mwili ule ule. Wahenga wamesema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa ndugu hawa methali hii ni maisha yao halisi.

*3. Maneno yetu yanavyoua*

Ndugu zangu, hapa tusikilize kwa makini.

Amesimulia Jabir (r.a.), na hadithi iko kwa Abu Daud, kwamba sahaba mmoja alikuwa safarini na jeraha kichwani. Akaamka na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hatukuoni wewe na ruhusa, maji yapo. Akaoga. Akafa. Habari zilipomfikia Mtume (s.a.w.) alikasirika, akasema kwamba wamemuua, na kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza.

Wale hawakuwa watu wabaya. Walikuwa sahaba, na walitaka mwenzao asipunguze ibada. Lakini walimpa mgonjwa fatwa ya mtu mzima.

Sasa tujiangalie sisi. Tunamwambia mgonjwa "Jikaze tu, Ramadhani ina baraka, utapona humo humo." Tunamwambia "Ukisali tahajudi usingizi utakuja wenyewe." Tunamwambia "Una jini huyo, tafuta mtu akusomee." Kusomewa Qur'ani ni jambo jema, na hakumzuii mtu kwenda hospitali, maana Mtume (s.a.w.) mwenyewe ametuamrisha kutafuta tiba. Lakini kumwambia mtu kila siku kwamba tatizo lake ni upungufu wa imani, hilo ni jeraha juu ya jeraha.

Na tujue kwamba "jikaze" si ushauri usio na madhara. Uingereza, mwongozo wa matibabu wa mwaka 2021 uliwaambia madaktari waache kuwapa wagonjwa wa uchovu sugu ratiba za kuwaongezea mazoezi kila wiki, baada ya wagonjwa wengi kusema kwa miaka kwamba yanawazidishia. Mwenye fibromialjia peke yake mazoezi mepesi yanaweza kumsaidia, ila kwa kiasi chake. Kwa hiyo usiwe wewe wa kumpangia.

*4. Kamba ya Bibi Zaynab*

Anas (r.a.) amesimulia, na imepokewa na Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) aliingia msikitini akaona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akauliza ni ya nini. Akaambiwa ni ya Zaynab, akichoka katika sala hujishikilia nayo. Mtume (s.a.w.) akaamrisha ifunguliwe. Akafundisha kwamba mtu asali akiwa na nguvu, na akichoka akae.

Subhanallah! Bibi Zaynab ni mama wa waumini. Nia yake haina shaka. Na bado Mtume (s.a.w.) hakuisifu ile kamba, aliamrisha ifunguliwe. Je, mgonjwa wa leo amefungiwa kamba ngapi? Kamba ya "watu watanionaje", kamba ya "mama mkwe atasema nini", kamba ya "mwaka jana niliweza". Tuzifungue.

Imran bin Husayn (r.a.) alikuwa na maradhi ya bawasiri, akamuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu sala. Akafundishwa asali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Na Abu Musa (r.a.) amesimulia kwamba mja akiumwa au akisafiri, huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyafanya alipokuwa mzima na yuko nyumbani. Kwa hiyo dada yangu, kaka yangu, zile tarawehe ulizokuwa ukisali kabla ya maradhi bado zinaandikwa. Kitabu chako hakikufungwa siku ulipolala kitandani.

Na katika hadithi mashuhuri ya makosa kufutwa kwa kila linalompata Muislamu, hata mwiba unaomchoma, jambo la kwanza lililotajwa ni *uchovu*. Umekuja kabla ya maradhi, kabla ya huzuni. Watu wanaweza kuudharau uchovu wako, lakini Mtume wako (s.a.w.) aliutaja wa kwanza.

*5. Kwako wewe unayeumwa*

🔹 *Funga yako.* Surat al-Baqara, aya ya 184 na 185, zimempa mgonjwa ruhusa, na humo humo Allah anaeleza kuwa anatutakia wepesi, hatutakii uzito. Ikiwa daktari muaminifu amekwambia, au umejua kwa uzoefu wako mwenyewe, kwamba kufunga kunakuzidishia maradhi au kunachelewesha kupona, basi kula. Kama kuna matumaini ya kupata nguvu, utalipa siku zako baadaye. Kama ni maradhi yasiyotarajiwa kuondoka na kulipa hakutawezekana, unatoa fidya, na kwa madhehebu yetu ya Shafi ni kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku. Wapo wanaoweza kufunga siku moja na siku nyingine wakashindwa. Wafunge wanazoweza. Mpeleke sheikh wako hali yako kamili, siyo nusu.

🔹 *Daku.* Sunna ni kuichelewesha. Zayd bin Thabit (r.a.) alieleza kwamba baina ya daku yao na sala palikuwa na muda kama wa kusoma aya 50. Hii ni rehema kwa mwenye usingizi mgumu, kwa sababu unaamka *mara moja*, unakula, unasali alfajiri, unarudi kulala. Ukila daku saa nane usiku kisha ukaamka tena kwa alfajiri, umeukata usingizi mara mbili.

🔹 *Baada ya isha.* Mtume (s.a.w.) alikuwa hapendi mazungumzo baada ya isha. Sisi ndiyo kwanza simu inawaka! Kama hujiwezi, sali isha, sali tarawehe zako nyumbani kwa kukaa, rakaa unazoweza, kisha lala. Kahawa na chai ya rangi ya baada ya futari hukaa mwilini masaa mengi, kwa hiyo zipunguze. Na kama kuna qailula, iwe fupi na ya mchana, isisogee mpaka magharibi.

🔹 *Nguvu zako zipime.* Siku ukijihisi mzima usizimalize zote. Bakiza za kesho.

🔹 *Dawa.* Kama umeandikiwa dawa za usiku usizikate wala kuzibadilisha saa bila kuzungumza na daktari. Na tuache tabia ya kununua vidonge vya mafua au mzio dukani ili vitulaze. Vinapumbaza, havitibu.

🔹 *Rudi hospitali.* Si kila uchovu ni huu tuliouzungumza. Upungufu wa damu, kisukari, tezi ya shingo, sonona, vyote huleta uchovu na vina tiba. Na kama wa nyumbani kwako wanasema unakoroma sana mpaka pumzi inakatika kisha unashtuka, mwambie daktari hilo kwa maneno hayo hayo. Nalo lina matibabu.

*6. Kwa wa nyumbani na jamaa wa msikiti*

Salman (r.a.) alipomtembelea Abu Dardaa (r.a.) akamkuta hapumziki, usiku sala, mchana funga, alimlaza. Kila akitaka kuinuka alimwambia lala. Mwisho wa usiku ndipo akamwamsha wakasali pamoja, kisha akamkumbusha kwamba Mola wake ana haki kwake, nafsi yake ina haki, na watu wa nyumbani kwake wana haki. Mtume (s.a.w.) akasema Salman amesema kweli.

Basi nyumba nyingi zinamhitaji Salman. Wababa, tuseme ukweli: nani anasimama jikoni kuanzia alasiri? Nani anaamka saa tisa usiku kupasha daku ya watu wote, na asubuhi anawaandaa watoto? Kama mkeo anaumwa mwili na hapati usingizi, futari ya vyakula sita mezani si baraka, ni mzigo. Tende, uji na muhogo vinatosha. Daku ipashe mwenyewe. Vijana, vyombo vya usiku vioshwe kabla hamjatoka. Mtume (s.a.w.) alikuwa katika huduma za watu wa nyumbani kwake, hilo bibi Aisha (r.a.) ametueleza.

Na sisi wa msikitini: tuweke viti safu ya pembeni, upande wa wanaume na wa wanawake, na kijana akikaa kwenye kiti tusimkodolee macho kutafuta bandeji. Maradhi mengine hayana bandeji. Ukimkuta mtu anakunywa maji mchana, mdhanie udhuru. Na usimlazimishe akueleze ugonjwa wake ndipo umsadiki.

*7. Kumi la mwisho linakuja*

Najua wapo wanaosoma hapa na moyo umeshaanza kuwa mzito: "Laylatul Qadri itanipita nimelala." La, ndugu yangu. Surat Al Imran, aya ya 191, imewasifu wanaomkumbuka Allah wakiwa wamesimama, wamekaa, na *wamelala ubavu*. Hali tatu, na hiyo ya tatu ndiyo yako. Saa tisa usiku, nyumba nzima kimya, wewe uko macho kwa maumivu, ulimi wako hauumwi. Sema astaghfirullah. Msalie Mtume. Muombe msamaha Mola wako ukiwa chini ya shuka. Watu wengine wanaweka saa iwaamshe kwa wakati huo. Wewe tayari uko hapo.

Na usingizi ukija, lala. Usiufukuze kwa kuona haya. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza anayesinzia katika sala akalale mpaka usingizi umtoke.

*Jambo la kufanya leo:* Mkumbuke mtu mmoja uliyewahi kumwita mvivu. Usimtumie ujumbe huu ukaishia hapo. Mpelekee futari, au mpigie umuulize, "Usiku wa jana ulipata kulala?" Kisha msikilize mpaka amalize.

*Tuombe:*

Ewe Allah, ambaye husinzii wala hulali, unawaona waja wako wanaogeuka kitandani usiku huu. Wape usingizi wenye mapumziko kama ulivyowapa watu wa Badr. Wapunguzie maumivu, wakubalie kidogo chao, waandikie walichokuwa wakikifanya walipokuwa na nguvu. Tusamehe sisi kwa maneno tuliyowasema bila kujua. Wajaalie madaktari wawasikilize, na jamaa zao wawasadiki. Wafikishe Laylatul Qadri wakiwa wamesimama, au wamekaa, au wamelala, na uwaridhie. Amin, amin ya Rabbal-alamin.

Kesho in sha Allah tutaendelea na siku ya 18. Mwenye mgonjwa nyumbani na anataka aombewe baada ya tarawehe, amwambie imamu kabla ya isha. Si lazima kutaja jina wala maradhi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.